Mama wa Nyuma

"Nani haiko?"

Aliniuliza hivyo Jumamosi yangu ya kwanza na chama cha watembezi. Tulikuwa tumesimama kwenye kivuli chembamba cha miombo, saa mbili hivi tangu tuliache basi dogo kando ya barabara ya Kambove. Nilitazama huku na huku. Niliona kofia, mabegi, chupa za maji, na nyuso ambazo sikujua jina la hata mmoja. Ningemtajaje asiyekuwepo, wakati waliokuwepo wenyewe sikuwajua?

"Mama," nikasema, "tungehesabu tu. Tulitoka kumi na watano."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Aye, huyu ataona."

Yeye hakucheka. Alinitazama miguu kwanza, kisha uso. "Namba haina miguu, mutoto yangu. Mwenye kupotea njo muntu."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu pale Kasapa, nimejaa hoja kama gunia la makaa. Nilirudi nyumbani jioni ile nimeudhika. Mama mmoja asiye na diploma alikuwa ameniuliza swali rahisi mbele ya watu, nao wakanicheka. Naamini nilirudi Jumamosi iliyofuata ili nimshinde.

Vyama vingine vinamfuata anayetangulia. Sisi mbele tulikuwa na Papa Sekretari, fundi wa umeme mstaafu, mwenye filimbi shingoni, aliyevijua vilima vyote vya upande ule kama anavyojua waya za nyumba yake. Lakini aliyetuongoza hasa alikuwa nyuma. Alitembea wa mwisho siku zote, kwenda na kurudi, jua na mvua, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama wa Nyuma. Hata mchungaji wa mbuzi tuliyempita mara mbili kwa mwaka aliuliza, "Na Mama wenu wa Nyuma, iko wapi?" na sote tukaonyesha kidole kule tulikotoka.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, anavaa kitenge juu ya suruali ya mwanamume, na raba za bluu ambazo alizishona upya kila mwanzo wa kiangazi. Hakubeba begi la maana. Alibeba mfuniko wa sufuria. Mfuniko ule wa aluminiamu, uliobonyea upande mmoja, ulikuwa kiti chake kwenye nyasi zenye umande, kipepeo cha moto wake, na mwavuli wake mvua ikianza. Tukichelewa kula aliupiga kwa kijiko, na kilima kizima kikajua kwamba bukari, ugali wetu, imeiva.

Kutoka nyuma aliona visigino, na visigino aliviamini kuliko vinywa. Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa, mwenye misuli, aliyejibu "niko bien" kila alipoulizwa hali. Siku moja Mama wa Nyuma alimsimamisha.

"Vua kiatu."

"Mama, niko bien!"

"Weye uko bien. Kisigino cha kuume njo kinalia."

Akavua. Palikuwa na lengelenge lenye ukubwa wa karanga. Mama akapiga magoti palepale, akalifunga kwa kitambaa, akimsema huku akilifunga, na kijana yule mwenye misuli akawa anatazama pembeni ili tusimwone macho.

Tulipofika kileleni, sote tulitoa simu na kupiga picha. Chini kulikuwa na msitu hadi mwisho wa macho, vichuguu vikubwa kama nyumba vimejitokeza kati ya miti, na mbali kabisa kilima cha taka za mgodi, cheusi. Yeye aliipa mandhari yote mgongo, akaketi kwenye mfuniko wake, akatutazama sisi.

"Juu ya nini hauangalie, Mama?" nilimuuliza. Nilikuwa nimeshajizoeza kusema naye kwa Kiswahili cha nyumbani, cha "njo" badala ya "ndiyo" na "juu ya nini" badala ya "kwa nini". Cha vitabu kilimfanya aniite "madame profesa".

"Mulima utakuwa hapa kesho. Ninyi, sijue."

Kwa sababu ya maswali yangu alinibatiza jina: Mamzele Juu-ya-Nini. Juu ya nini tunaanza mapema? Juu ya nini tunapita bonde badala ya kukata moja kwa moja? Juu ya nini unasali rozari huku unatembea, Mungu anasikia mtu anayehema? Mengi aliyajibu kwa kicheko. Hilo la rozari alilijibu kwa vitendo. Nilitembea mbele yake nikasikia: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yuko nawe, weye wa kofia nyekundu, funga kamba ya kiatu! umebarikiwa kuliko wanawake wote..." Hakupoteza hata shanga moja.

Nisimfanye mtakatifu. Alitukataza sukari njiani, eti inaleta kiu, kisha akaweka vijiko vinne kwenye chai yake, akikoroga polepole huku ametugeuzia mgongo. Alituambia kwamba kila kitu cha pori kinatuogopa kuliko tunavyokiogopa sisi. Tulipopiga kambi kando ya kijito, chura mmoja akaingia ndani ya hema lake. Mama wa Nyuma alitoka akipiga kelele ambazo sijawahi kumsikia mtu mzima akizipiga, akaenda kulala ameketi ndani ya basi, milango imefungwa. Asubuhi alisema tu, "Chura haina adabu." Hakuna aliyethubutu kumkumbusha lile somo la pori.

Uongo, lakini, hakuuvumilia hata kidogo. Mwaka mmoja, mwenzetu alikata mahindi mabichi katika shamba la watu karibu na Kambove, akatuambia amenunua. Tukachoma, tukala, na yeye Mama akala. Ukweli ulipojulikana, alitema punje zilizokuwa mdomoni, akasimama. "Twende." Akamchukua yule mwizi wa mahindi, wakarudi saa nzima kwa miguu mpaka kwa mwenye shamba. Sisi tulisubiri, tukinung'unika. Waliporudi, kijana alikuwa amebeba mahindi tele kifuani. Mwenye shamba alikuwa amecheka hadi kukaa chini, akawapa mengine bure. Tulinyoosha mikono.

"Hapana," Mama akasema. "Haya ni ya ule alisema kweli." Kijana akala mahindi yake peke yake, mbele yetu, kwa aibu na furaha kwa pamoja. Sisi tukarudi mjini na njaa. "Ukidanganya mu njia," alituambia ndani ya basi, "utapotea mu nyumba."

Nimeeleza hilo kwa kirefu kwa sababu nitalihitaji mbele.

Sasa, ile desturi. Katika chama chetu hatukuhesabiana. Asubuhi, kabla ya kuondoka, kila mmoja alipewa wake wa mbele na wake wa nyuma. Ulitakiwa kujua majina yao, wamekula nini asubuhi, na wapi panawauma. Kila tuliposimama, Mama alifika wa mwisho, akauliza, "Nani haiko?" na kila mmoja akatazama watu wake wawili. Ilichukua dakika tano, wakati mwingine kumi. Watu walicheka, walitaniana: "Wangu wa mbele iko, lakini harufu yake imebaki kule nyuma!" Kwangu zilikuwa dakika zilizopotea.

"Ni ushirikina, Mama," nilimwambia nikiwa mwaka wa nne, nimeshakuwa mkongwe wa chama. "Wazee walikataa kuhesabu watu, wakaogopa kwamba watapungua. Sisi tunajua hesabu."

"Mi sina ushirikina. Niko na uvivu." Alikuwa anamenya ndizi. "Kuhesabu ni kitanda. Ukipata namba yako, unalala. Ukitafuta jina, hauwezi kulala mpaka umuone muntu."

"Na kama majina ni mia?"

"Bantu mia banaenda kutafuta nini mu pori?"

Alinishinda, lakini sikukubali. Nilikuwa karibu kumaliza masomo. Kitivo kilikuwa kimeniahidi nafasi ya mwalimu msaidizi, na jina langu lilikuwa limeshapelekwa mbele. Nilijiona mtu wa kuleta utaratibu mpya kila mahali, hata porini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mvua za kwanza. Tulikuwa kumi na tisa. Wangu wa nyuma alikuwa Noela, tuliyesoma naye darasa moja, msichana mpole, anayeongea kana kwamba anaomba ruhusa. Asubuhi nilimuuliza amekula nini, akasema mkate, nikasahau kuuliza panapouma. Tulikuwa tunashuka kurudi kwenye basi mbingu ilipokuwa nyeusi. Nyuma kabisa, mwenzetu mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na Mama alikuwa naye, amemshika kiuno, wanakuja hatua kwa hatua. Mbele, Papa Sekretari alikuwa ameshafika barabarani kumtafuta dereva.

Mvua ilishuka kama mtu amepindua pipa. Kila mmoja alijifunika nailoni yake, kichwa na mabega, tukawa sote sawa, mafurushi meusi yanayokimbia. Basi likafika. Watu wakaingia wakisukumana. Nilisimama mlangoni nikagusa vichwa kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Mama akafika na yule mgonjwa wake, amelowa hadi mifupani, mfuniko juu ya kichwa cha mwenzake, si chake.

"Nani haiko?" akauliza.

"Mama, nimehesabu. Pamoja na sisi, kumi na tisa. Wote. Barabara itakatika, twende!"

Alinitazama. Mkono wake mmoja ulikuwa umembeba mtu, mwingine umeshika mlango. Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Haya," akasema.

Tulikwenda nusu saa. Tulipofika njia panda, furushi moja la viti vya nyuma lilisimama, likajifunua nailoni. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na kikapu cha uyoga.

"Chofere, mi nashukia hapa."

Papa Sekretari akageuka. "Baba, weye nani?"

"Mi wa bowa. Mulinipandisha juu ya mvula. Aksanti sana, batoto, Mungu abariki." Akashuka na uyoga wake.

Sikuhitaji kuhesabu tena. Niligeuka nyuma yangu kumtafuta Noela, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Kumbe alikuwa amejitenga nyuma ya kichuguu, kwa haja yake, msichana mwenye haya asiyetaka kumwambia mtu. Alipotoka, njia ilikuwa tupu. Tuligeuza basi, tukamkuta palepale, amechuchumaa kwenye mvua, midomo ina rangi ya majivu. Hakukimbia huku na huku, maana Mama alikuwa ametufundisha: ukiachwa, baki, tutarudi pale tulipolisema jina lako mara ya mwisho. Mama alishuka wa kwanza, akaenda kwake mbio, akamfunga ndani ya kitenge chake, akawa anamsugua mgongo na kurudia, "Uko. Uko. Uko." Mimi nilisimama kando. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Noela alipata homa ya mapafu, akalazwa siku kumi. Baba yake, mfanyabiashara mwenye nyumba Golf, mtaa wa matajiri, na sauti ya kuzoea kutiiwa, alikwenda kwa Papa Sekretari akapiga meza. Sikuwepo, lakini maneno yake yalinifikia: "Ule alihesabu, namutaka jina. Asiongoze tena mutoto wa muntu. Na kama ni wa iniversite, nitamufuatilia mpaka kule." Nilijua maana yake. Nafasi yangu kitivoni ilikuwa bado karatasi isiyotiwa sahihi, na mtu wa aina ile angepata kusikilizwa. Nilizima simu. Nilijifungia nyumbani wiki tatu nikiandika barua ya kukiri, kila siku moja, na kila siku nikaichana.

Siku ya ishirini na mbili Papa Sekretari alibisha mlango wetu.

"Imeisha," akasema, kofia mkononi. "Baba ya Noela ametulia. Noela iko nyumbani, anakula. Na Mama wa Nyuma ameacha. Magoti. Anasema weye sasa njo utatembea nyuma."

Nimeuliza maswali maisha yangu yote. Nimemuuliza padri, nimemuuliza profesa mbele ya darasa zima, nimemuuliza mama yangu mambo ambayo mtoto haulizi. Siku ile sikuuliza ametulia vipi. Niliogopa kwamba jibu lingeichukua ile nafasi. Nikasema, "Aksanti, Papa," nikafunga mlango.

Nafasi niliipata. Na nyuma nilitembea. Mwanzoni nilitembea kwa adhabu, kisha kwa mazoea, kisha siku moja nikagundua kwamba natazama visigino bila kujilazimisha. Kileleni nikageuka kuwatazama watu, nikacheka peke yangu.

Miaka miwili baadaye nilimtembelea. Alikuwa amehamia kwa dada yake Kambove, na chama kilikuwa kikipita huko, nikawaacha wenzangu barabarani wapumzike. Nilimkuta uani anamenya viazi vitamu, amenenepa kidogo, raba za bluu zimekuwa kandambili.

"Mamzele Juu-ya-Nini!"

"Mama, magoti yako aje?"

"Ah, magoti." Akapiga goti kwa kiganja, kama mtu anayempiga mbuzi mkaidi. "Ni vile tu. Uzee."

Tulikuwa hatujamaliza kusalimiana, kuku mmoja akachomoka kwenye kikapu alichofungiwa, akaelekea barabarani. Mama wa Nyuma aliruka. Akapita juu ya beseni, akakata kona ya jiko, akachuchumaa chini ya gari bovu la jirani, akatoka huko na kuku kwapani, hata hahemi sana. Tulitazamana. Kuku naye alitutazama.

"Mama. Magoti?"

"Kuku haijue kama niko mugonjwa," akajibu, akamrudisha kikapuni, akaketi.

Swali lilikuwa kwenye ulimi wangu. Alilijua, nami nilijua kwamba analijua. Lakini alikuwa na uso wa mtu anayekuomba usimguse mahali fulani, nami nilikuwa nimeshajifunza kuuliza panapouma na kupaacha. Nikachukua kisu, nikamenya viazi pamoja naye. Aliuliza habari za Noela. Nikamwambia ameolewa, na kwamba bado anatembea nasi. Aliuliza kama bado tunakula bukari baridi. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu hatuna wa kupiga mfuniko. Nilitumaini atanipa ule mfuniko. Haukuwa mbali, ulikuwa juu ya sufuria. Hakunipa. Aliufunua, akatia viazi, akafunika.

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka kizingitini akatazama kule barabarani walikokuwa wenzangu, mbali sana kwa macho yake.

"Nani haiko?" akauliza.

Nikamjibu. Nikamtajia wote, mmoja mmoja: nani amekula chapati na nani hajala kitu kwa sababu ya hasira na mkewe, nani kisigino cha kushoto, nani amefiwa na anajifanya hajafiwa. Wote wako, Mama. Alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa, kama anasikiliza redio.

"Bien," akasema. "Sasa enda. Banakungojea."

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Tulitembea kwenda kumzika, kutoka njia panda hadi makaburini, na kwa desturi iliyokuwa yake mimi nilikuwa wa mwisho.

Miaka mitano baada ya hapo, Papa Sekretari alihamia kwa mwanawe Kolwezi, akaniachia sanduku la karatasi za chama. Kulikuwa na ramani, picha zilizofifia, daftari za matembezi. Chini kabisa kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara, imeelekezwa kwa baba yake Noela; lazima aliisoma, akamrudishia Papa Sekretari. Ilisema hivi: *Siku ile ya mvula, njo mi nilihesabu bantu. Kosa ni yangu. Sitatembea tena na batoto ya bantu.*

Chini ya sahihi ya Mama wa Nyuma kulikuwa na maneno "Ni kweli", na chini ya maneno hayo sahihi nyingine. Alikuwepo Papa Sekretari. Alikuwepo yule wa kisigino, na yule wa mahindi. Alikuwepo Noela, kwa herufi zilizolala upande, za mtu anayeandika kitandani. Nilisoma jina moja moja, polepole, kama alivyonifundisha, nikitafuta nani hayupo. Tuliondoka kumi na tisa asubuhi ile. Kwenye karatasi walikuwa kumi na wanane.

Niliyekosekana ni mimi peke yangu.